Mwacheni Alale

Jumatatu, 2 Machi

Wamekuja leo, Binti wa Kampeni na Mkia, wakakaa kwenye kochi langu wamebana magoti kama watu waliokuja kuposa. Mkia anajulikana, sura yake imebandikwa kwenye mabango mji mzima, ila daftari hili ni langu na nataka kila kitu kiwe mahali pake. Katika kikosi cha mbio za kupokezana vijiti, Mkia alikimbia wa mwisho na mwanangu alikimbia wa tatu. Kila kijiti ambacho Mkia alikivusha mstarini, watu wakamnyanyua mabegani, kilitoka kwenye mkono wa mwanangu.

Mwanangu alikufa mwaka jana, kwa pombe kali juu ya vidonge vya maumivu ya paja. Haya, nimeandika.

Binti wa Kampeni alieleza kwamba muhula huu wote, kila Jumatano, wanariadha watazunguka shuleni kuongea na watoto habari za ulevi. "Tungependa kusimulia habari za Kobe," alisema, "kama mama utaturuhusu. Na kama utaweza kukaa nasi jukwaani." Kobe ni jina alilopewa na wenzake. Si kwa ajili ya mbio, thubutu! Ni kwa ajili ya usingizi. Mtoto yule alilala kwenye basi, kwenye benchi, hata kwa kinyozi, wembe uko shingoni.

Mzee wangu alikuwa mezani kwake mlangoni anachonga ufunguo. Ni fundi wa kufuli, na kazi humpa kisingizio cha kutoinua kichwa. "Mimi simo," alisema, akaendelea kupiga tupa.

Mimi nilikubali kabla binti hajamaliza sentensi. Tangu msiba uishe, watu wakiniona wanabadilisha mazungumzo. Nani mwingine alikuwa anakuja kuniomba habari za mwanangu?

Jumatano, 4 Machi

Shule ya kwanza. Nilitoka kazini kwenye mikate bado nina unga kwenye nyusi, Binti wa Kampeni akanifuta kwa kitambaa chake. Ni msichana mwema. Ana sauti ya kuwahi treni.

Sikujua watafanya nini, hawakuniambia. Wanafunzi walipangwa kuzunguka kiwanja. Mkimbiaji wa kwanza alitoka mbio na kijiti, watoto wakapiga makelele, akampa wa pili. Wa pili akaruka nacho mpaka pale wa tatu anapotakiwa kusimama. Hakuna mtu. Akakiweka kijiti chini kwenye nyasi, akarudi nyuma, akainamisha kichwa.

Mbele kabisa alisimama Mkia, mgongo kwetu, mkono umenyooshwa nyuma, kiganja wazi. Mkimbiaji wa mwisho hapaswi kugeuka. Akigeuka anapoteza mbio. Anasubiri tu kijiti kimguse. Basi akasubiri. Shule nzima ilinyamaza mpaka nikasikia bendera inavyopigapiga mlingoti. Nilikuwa na hakika, naapa, kwamba nikikaza macho kidogo tu nitamwona anakuja.

Kisha Mkia aligeuka, akashika kipaza sauti, akasema, "Aliyepaswa kunipa kijiti hiki aliitwa Kobe." Moyo wangu uliruka. Walilisikia jina lake watu mia ngapi sijui, na hakuna hata mmoja aliyebadilisha mazungumzo.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeunguza trei nzima ya mikate. Nilikuwa mbali.

Jumatano, 11 Machi

Shule ya pili. Joto la kuchemsha ubongo. Hadithi ni ileile, ila Mkia ameongeza jinsi Kobe alivyokuwa akicheka. Nimefurahi.

Jumatano, 18 Machi

Leo kwenye hadithi Kobe alikuwa anaficha chupa chini ya mto. Nilimwuliza Mkia garini, "Chupa gani hiyo? Mito ya nyumbani nilifua mimi." Akasema, "Ilikuwa kambini, mama." Inawezekana. Lakini wiki iliyopita chupa ilikuwa kabatini.

Binti wa Kampeni aliniita pembeni. "Mama, ukilia inasaidia sana. Watoto wanaguswa."

"Nikilia mimi kamasi zinatoka, mwanangu. Watoto watacheka."

Alicheka mwenyewe, akaniomba radhi. Lakini nimeona ameandika kitu.

Jumanne, 24 Machi

Mawingu yamekusanyika tangu asubuhi na hayataki kunyesha. Kazini hamira imeumuka kupita kiasi. Mzee hasemi, nami sisemi. Nyumba yetu ina kufuli za kila aina na hakuna cha kuiba.

Jumatano, 25 Machi

Mvua imeanza. Tuliongea na wanafunzi ukumbini, Mkia akanyoosha mkono wake kati ya viti.

Niandike lililonitisha. Jioni nilikuwa nakata vitunguu, nikataka kukumbuka Kobe alivyokuwa akiingia jikoni na kusema, "Mama, mkate wa nyumbani uko wapi, au unawapelekea wageni tu?" Alikuwa ananitania hivyo kila siku ya Mungu. Maneno yalikuja yote, yako sawasawa. Ila sauti ilikuwa ya Mkia. Nikajaribu tena, Mkia tena. Ni ile sauti ya kwenye kipaza sauti, na ule mwangwi wake.

Nilikwenda kumwambia mzee. Alisimamisha tupa. "Mnamfukua kila Jumatano," alisema. "Mtu akifukuliwa kila wiki utamtambua?"

Nilimwambia ana roho ya chuma kama kufuli zake. Akarudi kwenye tupa yake. Angejibu ningepumua.

Jumatano, 1 Aprili

Baada ya hadithi huwa wanafunzi wanaruhusiwa kuuliza. Huwa wanauliza Mkia anakula nini, na kama ana mchumba. Leo alisimama msichana mrefu, wa mstari wa nyuma, sketi imeloa pindo. Akauliza, "Siku ile alikuwa na nani?"

Mkia akasema, "Hakuwa na mtu."

"Kambini hamkuwepo?"

"Hakuwa na mtu," alirudia, akafungua chupa yake ya maji akanywa, kisha akanywa tena. Binti wa Kampeni akadaka kipaza sauti, akashukuru uongozi wa shule.

Garini Mkia alikaa mbele karibu na dereva. Siku zote hukaa nami.

Mwaka mzima umepita na mimi sijawahi kuuliza swali lile. Niliambiwa alikutwa amefariki, nikameza kama nilivyopewa.

Alhamisi, 2 Aprili

Mkia alikuja mwenyewe, mlango wa nyuma wa kiwanda cha mikate, tunapopumzika tukimaliza zamu ya alfajiri. Mvua ilikuwa imemlowesha chapachapa. Wenzangu wakaanza kunong'ona, "Ni yeye! Ni yeye wa mabango!" Nikawafukuza.

Naandika alivyosema.

"Mama Kobe, tulitoka mazoezini mchana tukamkuta kitandani, anakoroma. Mwenzetu yule wa pili akasema, mbona leo anakoroma vibaya hivi? Nikamwambia, mwacheni alale, si ndiye Kobe huyu? Tukacheka wote. Nikamfunika shuka. Nikavuta pazia jua lisimpige machoni. Tukaenda kula."

"Halafu?"

"Tuliporudi hakuwa anakoroma tena."

Nilimwuliza kitu kimoja. "Alikuwa amelala ubavu gani?"

"Chali, mama."

Alikuwa amelala chali. Kwa mtu mwingine yeyote duniani wangeshtuka. Wangemtingisha, wangemwaga maji, wangeita gari. Kwa mwanangu walicheka, kwa sababu ya utani wao wenyewe.

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nilitaka kumzaba kofi. Na hapohapo, hili ndilo linalonitia aibu, nilitaka ayaseme yote tena tangu mwanzo, polepole, maana kulikuwa na kitu kipya. Pazia. Sikuwa najua habari za pazia.

"Ondoka," nikamwambia. "Unga unachacha."

Jumapili, 5 Aprili

Mvua.

Jumatano, 8 Aprili

"Bado unakwenda?" mzee aliniuliza. Nilimweleza yote juzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga duka, akalala mchana. "Naenda," nilimwambia.

Mkia hakuamini aliponiona ninapanda gari. Nilikaa nyuma yake. Jukwaani nikakaa karibu naye, na kabla hajainuka alipiga funda refu kwenye ile chupa. Koo lilinikauka, nikamwomba na mimi.

"Nina mafua, mama. Nitakuambukiza."

Upepo ukavuma kutoka kwake kuja kwangu. Mafua gani! Mimi nimeishi na hamira miaka yote, pua yangu haidanganyiki na kitu kilichochacha. Anakunywa pale pale, mbele ya watoto, ili apate nguvu ya kuwaambia watoto wasinywe.

Ningeweza kumwambia Binti wa Kampeni papo hapo. Nilikunja mikono kifuani. Nilitaka aende kiwanjani anyooshe mkono wake nyuma, asubiri, na akichoka asubiri tena. Nilimtazama kiganja kinavyotetemeka, na nikasema moyoni, bado.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimeota nimesimama dirishani kwa nje. Ndani kuna pazia. Nasikia mtu anakoroma na siwezi kupiga kioo kwa sababu nimeshika trei.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua ilipumzika kidogo, wakakimbia kiwanjani, matope mpaka magotini. Kijiti kiliwekwa chini. Mkia akasubiri, akiyumba.

Kando yangu kalikaa katoto ka darasa la kwanza, hakajui hata kilichowaleta. Kakanivuta kanga. "Bibi, yule mkaka mwingine mbona haingii?"

"Mkaka yupi?"

"Yule pale." Kakaonyesha pale kilipo kijiti. Kulikuwa na matope na alama za viatu, basi. Nikauliza amevaa nini, Mungu wangu, mtu mzima mimi, nikamhoji mtoto wa watu. "Amechoka," kakasema. "Anataka kwenda kwao."

Mkia alihadithia kwa ulimi mzito. Watu walidhani ni uchungu, wakapiga makofi mengi kuliko siku zote. Binti wa Kampeni alilia. Chupa ilikuwa imekwisha kabla hajapanda jukwaani, nami niliiona, nikakaa kimya.

Jumatano, 22 Aprili

Hata kanga sijabadilisha, nitaandika hivyohivyo.

Shule ya leo iko ng'ambo ya bonde. Mkia alisema hadithi vibaya, akairuka katikati, akaimalizia mwanzo. Tuliporudi maji yalikuwa yamekata barabara. Dereva alisimamisha gari, akasema tusubiri yapungue. Wakimbiaji wengine walikuwa wamebaki shuleni, waje baadaye na gari la mwalimu mkuu. Tulikuwa wanne garini: dereva, Binti wa Kampeni pale mbele na simu zake, mimi, na Mkia kajinyoosha kwenye kiti cha nyuma kabisa. Kabla hatujaondoka nilimwona akitoa vidonge mfukoni, nikamsikia akisema paja linamwuma. Nilisikia. Sina pa kujificha.

Mvua ilipiga bati la gari kama mtu anayemwaga kokoto. Katikati ya kelele ile nikasikia anakoroma. Kukoroma kwa kina, kunakatika, kunakaa, kisha kunarudi kwa kishindo.

Dereva aligeuka akacheka. "Mwenzetu anazifaidi mvua."

Binti wa Kampeni, bila kuacha simu, akasema, "Tumwache alale. Amefanya kazi kubwa leo."

Nami nilikaa. Siandiki ili nionekane mwema. Nilikaa, mikono mapajani, nikasikiliza. Nikawaza: ndivyo ilivyokuwa. Sauti ni hii. Sasa nipo. Mwaka mzima nilitamani ningekuwa mle chumbani, na sasa nimewekwa mle chumbani, na nikinyamaza tu kidogo nitajua yote mpaka mwisho. Tena ni yeye. Na ajue.

Kukoroma kukakatika. Nikangoja kurudi. Hakukurudi.

Mkono wake ukadondoka kutoka kwenye kiti, ukaning'inia, kiganja wazi. Nimekiona kiganja kile kila Jumatano tangu Machi.

Sijui nilivyovuka viti. Nilikuwa juu yake. Nilimzaba makofi, lile la kiwandani na mengine. "Amka! Amka, mshenzi wewe! Hulali! Hapa halali mtu!" Alikuwa chali. Nikamgeuza ubavu kwa nguvu za kubeba magunia ya unga, nikamtia vidole kinywani, matapishi yakanimwagikia kifuani. Akavuta pumzi moja, ya kukwaruza. Binti wa Kampeni alikuwa anapiga kelele, "Ana nini? Ana nini?" Nikamwambia, "Anakufa. Kobe naye walimwacha alale. Dereva, ondoa gari!"

"Mama, maji haya yatatubeba."

"Yatubebe!"

Aliondoa. Mungu ambariki dereva yule, alishika usukani huku anasali kwa sauti, maji yakaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mimi nilikaa sakafuni kichwa cha Mkia mapajani, kila akinyamaza namfinya mpaka agune. Nilikuwa nasema, "Pumua, Kobe." Nilijisikia nasema hivyo. Sikujirekebisha.

Hospitali walimpokea mlangoni. Daktari alitoka baadaye akasema ataishi, ila nusu saa nyingine tungekuwa tunaongea mengine.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimelala kutwa. Mzee ameifua kanga yangu.

Jumatatu, 27 Aprili

Binti wa Kampeni amepiga simu. Anasikitika mno, wamemtafutia Mkia mahali pa matibabu akitoka wodini, wala hawatamtangaza vibaya magazetini. Nimemshukuru kwa hilo. Kisha sauti ikashuka. Kilele cha kampeni ni Jumamosi hii uwanja mkuu, watu wameshaalikwa. Je, mimi naweza kusimama peke yangu niseme hadithi ya Kobe? "Uwanja mzima, mama. Watalitamka jina lake wote kwa pamoja. Na kuna watoto watapona kwa kukusikia."

Nalijua. Yule msichana mrefu wa lile swali alituma ujumbe kwa mwalimu wake kwamba kaka yake mlevi alikubali kupelekwa hospitali. Kazi hii si ya bure, siwezi kuikufuru.

Nilitaka kukubali. Jamani, nilitaka! Uwanja mzima. Nikafungua kinywa nimjaribishie binti hadithi palepale kwenye simu, na ikatoka ile ile, na chupa chini ya mto ambayo mimi sijawahi kuiona, na kituo mahali Mkia anapoweka kituo.

"Mtafute mwenye kuisema ya kwake," nikamwambia. "Mwanangu hatakuja."

Jumamosi, 2 Mei

Nilikuwa natafuta viatu nikamkuta mzee kasimama mlangoni amevaa shati la kutokea. Duka limefungwa. "Twende kumwona mgonjwa," alisema.

Mkia amekwisha, macho yameingia ndani. Alipomwona mzee alijaribu kuinuka. "Baba, nisamehe."

"Hilo tutaongea siku nyingine," mzee akasema, akavuta kiti. "Leo nimekuja kukuona."

Tukakaa. Kutoka mbali tulisikia shangwe za uwanjani, zinakuja na upepo, zinapotea. Mkia alifumba macho. "Niambieni kitu chake," alisema. "Chochote. Mimi nimebaki na siku ile tu. Nikitafuta nyingine siioni."

Alinitazama mimi. Nikatafuta. Nikapata kitanda, shuka, pazia. Nilikuwa mama yake, nimemzaa, nimemnyonyesha, na nilikuwa nimebaki na pazia. Machozi yalinitoka, na kamasi pia.

Mzee akakohoa.

"Alikuwa darasa la pili," alisema. "Mama mmoja wa mtaa wa juu alikuja analia, amejifungia nje, ana chungu jikoni kinaungua. Nilikuwa na ufunguo wake wa akiba, nikamwambia atangulie, mtoto atauleta. Nikampigia kelele, kimbia! Alitoka kama risasi. Nikageuka, ufunguo uko mezani."

Mkia akafumbua macho.

"Akarudi anatweta. Nikampa, akaondoka. Akafika, hauingii. Nilimpa wa stoo ya shule, kosa langu. Akarudi tena. Mtaa wa juu unaujua ulivyo, mlima mtupu. Mara ya tatu anaondoka, nikasema peke yangu, huyu mtoto akili bado, lakini pafu analo."

"Na mlango?" Mkia aliuliza. "Ulifunguka?"

"Haukuwa umefungwa," mzee akasema. "Yule mama hakuwahi kuusukuma."

Mkia alicheka kwanza kwa pua, kisha akashika mbavu anaumia, nami nikashindwa kujizuia, tukacheka watu watatu mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka asichokijua. Miaka yote hiyo sikuwa na habari. Nilimwuliza mzee kwa nini hakuniambia.

"Aliniomba nisiseme. Alikuwa na viatu vipya vya shule siku ile."

Viatu! Mimi ndiye niliyevikuta chini ya kitanda, soli zimeisha, wiki haijapita tangu vinunuliwe. Nilimwita, nikavishika juu, nikamwuliza nini hiki. Alisimama pale kaptula imeshuka, akanitazama usoni bila haya, akasema, "Vimechoka vyenyewe, mama." Kwa kile kisauti chake cha puani, cha mtoto mwenye mafua yasiyoisha. Sauti yake mwenyewe. Sio ya mtu mwingine.

Muuguzi alikuja kutunyamazisha. Mkia akafuta macho kwa shuka, akaniuliza ninacheka nini tena peke yangu. Nikavuta kiti karibu, nikaanza kumweleza habari za viatu.